Julai, Usita wa Mui

Baridi yetu haina meno, ina ulimi tu:
hulamba mawe ya baraza usiku kucha,
na atakayekaa asubuhi bila kutandika kitu
atainuka mbio amejishika nyuma,
na watu watacheka.

Kwa hiyo kila mtu yu na boksi lake.
Famau, bawabu wa benki, ana la sabuni.
Walimu wawili wastaafu wana la televisheni,
wamelipasua wakagawana,
mmoja amekalia neno TAHADHARI.

Mimi nawatazama kutoka mlangoni,
mguu mmoja kwenye kanyagio la cherehani.
Mwaka mzima nashona madera.
Kikiingia kipupwe naletewa sweta:
kiwiko kilichotoboka, zipu iliyogoma,
sweta za mitumba zenye wanyama kifuani,
pembe zao kama matawi,
na wateja huniuliza: fundi, huyu analiwa?

Manyunyu yamepita, hayakulowesha hata daka.
Pale Mkunguni mti unaangusha majani mekundu,
anayefagia akifika mwisho
nyuma yake yameshaanguka mengine.

Watoto wa chuoni wamesikia
kwamba penye baridi kinywa hutoa moshi.
Wanapuliza. Wanapuliza tena. Wapi!
Basi wanajipanga mbele ya dele la Shekuwe,
wanavuta mvuke wake wa tangawizi
na kuutoa kwa mbwembwe, kama mabaharia,
hadi Shekuwe adai alipwe.

Paka saba juu ya tanuri la Bi Swabra.
Kila akitaka kutoa mikate ya mofa
huwahamisha mmoja mmoja, kwa majina.

Halafu wale wageni wawili, kaptula na pua nyekundu,
wanajipepea kwa ramani.
Famau anawatazama kutoka ndani ya kabuti lake,
kofia ya sufi imeshuka hadi nyusi.
Nao wanamtazama.
Kila upande unauhurumia mwingine.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri
Mwanate aliponitupia koti mezani.
Zito, jeusi, lina harufu ya karafuu na sanduku.
"Lipasue, fundi. Yeo lipasue.
Nimelivaa mara moja, nikatoka jasho hadi visiginoni.
Mgongo umfae punda wangu, yule wa kijivu anakohoa.
Mikono nifanyie kifuniko cha birika."

Nalijua koti hilo. Mji mzima unalijua.
Lilikuja na ndege mbili na mashua moja
kutoka kwa mwanawe Bwanaadi, huko Bergen,
na barua iliyosema: Mama, baridi isikuguse.

Nilikagua mifuko, ndiyo desturi yangu,
maana mkasi hauna adabu.
Tiketi ya basi, maandishi yamefifia.
Na glavu moja, ya kushoto.

Kumbe halikuwa koti la dukani.
Alikuwa amelivua mwilini.

Mwanate akaichukua, akaigeuza,
akautia mkono wake ndani pole pole
kama mtu anayetafuta ufunguo kizani.
Vidole havikufika mwisho.
Ncha tano zikabaki zimelegea, tupu.
"Aliondoka hapa," akasema, "namkata kucha mimi."

Nje mtoto mmoja alikuwa bado anapuliza.

Niliuliza kama bado nipasue.
Akasema kazi ni kazi, punda anakohoa.

Basi jana, Usita wa Mui, mliokuwepo mliona:
punda wa kijivu akishuka na mawe ya kujengea,
mgongoni sufi nyeusi, vifungo vinne vya fedha,
akitembea taratibu kama anayekwenda kufungua kikao.
Nyuma yake Mwanate,
kikapu begani, glavu mkononi.
Walimu wakasogeza boksi, wakampa upande wa TAHADHARI.
Hakuna aliyecheka.
Shekuwe akamjazia kikombe,
akakipokea kwa mkono wa kulia,
na ule wa kushoto akauweka mapajani,
mkubwa, mzito,
kama mgeni aliyefika akasinzia.